Mayai kumi na mawili juu ya chukudu

Kama una mtoto anayevunjika mifupa hovyo, najua umeshaambiwa habari ya sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Sisi tuliambiwa na kila mtu: jirani, mchungaji, shangazi, hata dereva wa moto, yaani pikipiki, ambaye hakujua jina letu. "Mpe sambaza, Baba Neema, na vichwa vyake, mifupa itakaza." Tukampa. Sambaza asubuhi, sambaza jioni, mpaka paka wa jirani akahamia kwetu. Alipofika mwaka mmoja na nusu, Neema alikuwa ameshavunjika mara nne.

Mara ya kwanza alikuwa na miezi mitano. Mama yake alimfunga mgongoni kwa kitenge, kama watoto wote wa Goma wanavyofungwa, akasikia kitu kimelia kama kijiti kikavu. Paja. Kule tulikompeleka, muuguzi aliuliza nani amempiga kabla hajauliza jina. Mara ya pili akaniita mimi pembeni. Mara ya tatu mama yangu mzazi akaanza kusema ukoo wa bibi yangu, yaani mama Neema, una jambo. Hayo nayaacha hapo, kwa sababu bibi yangu atasoma.

Kwa muunga mifupa nilimpeleka mwenyewe, kosa ni langu. Alimkanda kwa mafuta ya moto. Mguu aliokuja kuutibu sijui aliufanya nini, lakini mkono uliokuwa mzima ulivunjika mikononi mwake.

Aliyetufumbua ni daktari wa mifupa aliyekuwa mjini kwa wiki moja tu. Mguu hakuugusa kwanza, alimfunua kope. "Mmeona weupe wa macho yake?" Tuliuona, una ubuluu, tukadhani ni uzuri! Akautaja ugonjwa: osteojenesi imperfekta, mtoto mmoja hivi kati ya 15,000 au 20,000. Mimi nikamtazama tu. Akaniuliza kazi yangu, nikasema fundi wa mbao, nyumba nimejenga mbili tatu. Basi akanieleza kwa nyumba: kalsiamu ni saruji, kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia mfupa, ni nondo. Neema saruji anayo, nondo ndizo mbovu. Nikaelewa siku hiyohiyo kwa nini sambaza zilishindwa. Akasema pia kwamba hitilafu hii inaweza kuanzia kwa mtoto mwenyewe, baba hana, mama hana. Maneno hayo nilimwomba ayarudie mbele ya mama yangu. Aliyarudia mara mbili.

Dawa yenyewe ni dripu ya zoledroneti kila miezi sita. Sisi tunaiagiza Kigali, na bei inategemea nani anavuka mpaka. Jiandae kuuza mbuzi mmoja, safari nyingine wawili. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya akina mama wa kanisa ilitubeba mara ya kwanza. Usiku ule alichemka homa, tukakimbilia dawa ya malaria, kumbe dripu ya kwanza huleta homa na hakuna aliyetuonya. Kabla ya dripu hupimwa kalsiamu na vitamini D, na za Neema zilikuwa nzuri. Kwa hiyo sambaza hazikupotea bure, ila shangazi asijue.

Lakini kilichopunguza kuvunjika haraka kuliko dawa ni kujifunza kumshika. Kiganja kimoja chini ya matako, kingine nyuma ya mabega na kichwa. Makwapa, hapana. Ukimbadilisha nepi usimwinue kwa miguu kama kuku wa sokoni. Kitenge cha mgongoni bibi yangu alikikunja akakiweka sandukuni, akalia.

Sasa kumfikisha hospitali. Sisi tuko Majengo, na wanaojua Majengo wanajua mawe ya volkano njiani. Moto haiwezekani. Gari ni dola. Na mimi kazi yangu ni kutengeneza chukudu, zile skuta za mbao za kusukuma mizigo! Nikachukua mikaratusi iliyokauka vizuri, magurudumu ya mbao nikayavisha mpira wa tairi chakavu, juu nikafunga beseni la kuogea lenye sponji. Neema sikumweka. Niliweka mayai 12 ya soko la Virunga.

Nikasukuma polepole kama nimebeba askofu. Yakavunjika tisa. Chukudu ya magurudumu mawili ikikuta jiwe hulala upande, hilo nilipaswa kulijua, nimeziunda miaka 11. Nikaongeza gurudumu la tatu. Mafundi wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini: hiyo si chukudu, ni kiti cha chifu. Yakavunjika manne. Wakati huo watoto wa mtaa walikuwa wananifuata na sahani. Jibu lilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la gari, umejazwa pumzi nusu, umelazwa chini ya beseni. Ukijaza sana unarusha. Mayai 12, yote mazima. Moja nililivunja mwenyewe nikilionyesha kwa watu.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ikalipuka. Ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na alfajiri ya tarehe 27 ikatangazwa mitaa 10 ihame, Majengo ikiwemo. Barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro, mbuzi. Nami na chukudu yangu ya magurudumu matatu, kilomita kama 25. Mzee mmoja akaona beseni akaniuliza, "Baba, samaki bei gani?" Neema akainua kichwa: "Mimi si samaki!"

Tulifika Sake giza limeingia. Mtoto hakuvunjika hata ukucha. Aliyevunjika ni mimi, kidole gumba cha mguu, kwa kupiga teke jiwe huku natazama beseni badala ya njia. Hakuna fundi aliyecheka tena.

Sasa ana miaka sita. Anatembea kwa kushika ukuta, shule anapelekwa kwa chukudu ya tatu, ya pili imeliwa na mchwa. Tangu benki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025 pesa ya dawa inapita kwa simu, na dripu mbili zimechelewa. Katika kuchelewa huko amevunjika mara moja, mkono. Wageni wakija anawaelekeza mwenyewe: "Matako na mgongo. Makwapa hapana." Jumapili shangazi alileta sambaza, kilo nzima. Neema alikula hata vichwa.