Maandalizi ya LSAT: nimeshajiandikisha, sasa nanoa hoja

Usajili wa LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, umekamilika. Kabla ya kulipa niliomba kwanza msamaha wa ada, na ndugu zangu mnaoishi Marekani kwa kipato kidogo nawasihi muanzie hapo: ukikubaliwa unafutiwa ada ya mtihani pamoja na ile ya LSAC, taasisi inayoendesha mtihani huu, ya kukusanya matokeo yako ya chuo na kuyatuma shule za sheria. Kingine, jina. Sisi wenye jina letu, la baba na la babu tuhakikishe la kwenye akaunti linafanana na la kitambulisho tutakachokwenda nacho.

Mafumbo ya mpangilio, yale ya nani akae kiti gani, yaliondolewa Agosti 2024. Chanzo ni kesi ya Angelo Binno, kipofu wa Michigan aliyelalamika kwamba asiyeona hawezi kuchora michoro ambayo wenzake huitegemea. Yeye na LSAC walipatana 2019. Habari hii hunipa moyo sana: kijana aliyetaka kusomea sheria ameutumia mkono wa sheria kuugeuza mtihani wenyewe.

Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35, na ya nne ya majaribio isiyohesabiwa, ila huambiwi ni ipi. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache pengo.

Wiki hizi nimekazana na maswali ya dhana ya lazima, yaani jambo ambalo likiwa si kweli hoja haisimami. Huu hapa mfano niliojitungia: "Tangu kituo cha daladala kihamishwe, mauzo ya mama ntilie yameshuka. Kwa hiyo kuhama kwa kituo ndiko kulikomkosesha wateja." Hoja inategemea nini? Jibu linalovutia ni "wateja wake wengi walikuwa abiria." Likanushe: hawakuwa wengi. Hoja bado inasimama, maana hata wachache wakiondoka mauzo hushuka. Sasa kanusha hili: "angalau baadhi ya wateja aliowapoteza walifika kwa sababu ya kituo." Bila hao hoja inaporomoka. Ndilo jibu. Tangu nianze kukanusha kila chaguo hivi, sibahatishi tena kati ya mawili ya mwisho.

Kinachofuata ni mazoezi ya kupimwa muda kwenye LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, kisha insha. Insha hufanywa kando na sehemu hizo nne, na hufunguliwa siku 8 kabla ya mtihani. Nitaiandika mara tu ikifunguliwa, kwa kuwa anayefanya mara ya kwanza haoni alama zake mpaka insha iwepo.