Siku ya Bamvua na Klabu ya Mazingira, Tanga

Saa 12:15 asubuhi. Kabla ya kengele, cha kwanza kutazamwa ni mwezi. Pwani ya Tanga, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, bamvua, yaani kipindi cha maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, inapokuwa imekolea, maji hukupwa mbali kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, asubuhi kama hiyo bahari iko juu, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo siku ya kwenda mikokoni hatuipangi kwa ratiba ya shule. Ratiba ndiyo inayosogezwa. Ruhusa za wazazi, mwenyekiti wa mtaa na ofisa misitu huwa zimekamilika wiki nzima kabla, maana mikoko ni msitu wa hifadhi ya serikali.

Saa 1:00. Usafi. Fagio za chelewa zinafanya kazi, na hapa ndipo mazoea ya shule nyingi yanapogongana na somo lenyewe: uwanja unafagiliwa mpaka ung'ae, kisha majani yanachomwa moto. Majani hayo ndiyo malighafi ya mboji. Ya mwembe na mwarobaini yanakwenda lunduni moja kwa moja. Ya mkungu ni mapana na magumu, yakiwekwa mazima yanalaliana na kuzuia hewa, kwa hiyo watoto wanayakanyagakanyaga kwanza. Ya mvinje yanachelewa sana kuoza. Yanabaki kuwa matandazo ya bustani.

Tunafanya lundo, si shimo, kwa kuwa masika shimo linageuka kisima. Mita 1 kwa mita 1, kimo mita 1. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Likiwa kubwa zaidi watoto wa darasa la tano hawaliwezi kuligeuza. Ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya maganda, mabaki ya mboga na majani mabichi, kisha samadi kiasi cha kufunika. Samaki, nyama na mafuta haviingii: vinaita panya na paka. Kipimo cha maji ni ngumi. Mtoto anakamata konzi ya mboji na kuibana. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakitiririka, lundo litanuka, na dawa yake ni majani makavu na kuligeuza. Kijiti kilichochomekwa katikati kikitoka baridi wiki ya kwanza, ama ni kavu mno ama mabichi yamepungua. Likigeuzwa kila wiki, linakuwa tayari kwa miezi mitatu hivi.

Saa 3:15. Uji, kisha mbegu za mkoko zinachambuliwa mezani. Mbegu nzuri ni ile iliyokomaa mtini, yenye pete ya njano pale inapoachana na tunda, isiyo na tundu la mdudu. Zilizookotwa hukaa kivulini siku chache, jambo linalopunguza hamu ya kaa kuzitafuna. Kosa la watoto, na la watu wazima pia, ni kuipanda kichwa chini. Upande mnene wenye ncha ndio wa mizizi. Upande mwembamba wenye kichipukizi kidogo ndio wa majani. Kila mtoto anaonyesha kwa kidole kabla hatujatoka.

Saa 4:10. Mikokoni. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, viatu vya kufunga kamba. Kandambili zinabaki matopeni na magamba ya chaza yanakata nyayo. Hakuna anayekanyaga vile vijiti vinavyochomoza chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, kwani ndiyo mizizi yake ya kupumulia.

Kabla ya kupanda chochote tunauliza: kwa nini hapa hapana mkoko? Mbegu huletwa na maji bure. Mahali zinapofika na bado hapaoti, kuna sababu: pamekatwa, maji yamezibwa, au pako chini mno na bahari inakaa juu yake muda mrefu kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Ndiyo maana tope tupu la mbele, upande wa bahari, linalovutia wapiga picha siku za kampeni za kupanda miti, ndilo linaloua mkoko mwingi. Kila aina ya mti wa mikokoni ina mahali pake: kule mbele ni kwa mlilana. Mkoko wenyewe unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi.

Kwenye pengo lililokatwa tunaondoa kwanza vipande vya nyavu na plastiki, kwa sababu maji yakipwa takataka hizo hujizungusha kwenye mche na kuulaza. Tundu linatobolewa kwa kijiti. Mbegu ikilazimishwa kwa nguvu ncha inavunjika. Theluthi moja inazama, theluthi mbili zinabaki juu. Nafasi ni mita 1 na nusu.

Kisha kazi kubwa, kuhesabu miche ya zamani, kiwanja kwa kiwanja. Kamba ya mita 10 kila upande wa kiwanja, penseli (wino wa kalamu unachuruzika), na safu tatu daftarini: mzima, umekufa, haupo.

"Mwalimu, huu umekauka, niandike haupo?"

"Unauona?"

"Ndiyo."

"Basi upo. Kwangua kidogo kwa kucha. Kuna kijani?"

Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Mche uliokufa umesimama unasema mahali hapaufai, au shina limeelemewa na vile vigamba vinavyoganda chini ya ngalawa. Usiokuwepo umeng'olewa na wimbi, umeliwa na kaa, au haukuzamishwa vya kutosha. Dawa zake hazifanani. Upandaji unamalizika kwa nusu saa na watoto wanaufurahia. Kuhesabu kunachosha, lakini ndiko kunakowafundisha kufikiri.

Maji yakianza kugeuka tunaondoka bila kubishana. Hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, hujaa mapema huko nyuma, na kundi linaweza kuzingirwa likiwa bado linatazama bahari kwa mbele.

Saa 7:30 mchana. Takataka za shule. Mabaki ya chakula yanapimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Plastiki tunaihesabu vipande, maana ni nyepesi. Ukiipima kwa kilo utadhani haipo. Mara nyingi vinavyoongoza ni vifuko vya ashkrimu na vya ubuyu. Kashata na mihogo ya getini haviachi kitu, na watoto wenyewe huliona hilo wakisoma hesabu ubaoni. Chupa za plastiki za soda hatuzigeuzi vyungu vya maua: zikikaa juani zinakauka, zinapasuka, na vipande vinatawanyika bustanini.

Saa 8:20. Namba za mikokoni zinahamishiwa kwenye daftari kubwa. Kila kiwanja kimehesabiwa na vikundi viwili. Vikitofautiana hatutafuti wastani. Kiwanja kinawekewa alama na kuhesabiwa upya bamvua ijayo.