Unless imeshabeba "not" yake, usiiongezee nyingine

Wadau, kama kuna kineno cha Kiingereza kinaonewa huku mtaani ni unless. Juzi kwenye grupu la wapangaji limedondoka tangazo, "Unless you don't pay by Friday, the room will be given to someone else." Wote tukaelewa kwamba tunatishiwa, ila isome taratibu uone, inasema asiyelipa ndo yuko salama, ukilipa tu chumba anapewa mwingine 😂

Naona shida inaanzia kwenye Kiswahili chetu, maana sisi ukanushi tunauweka kwenye kitenzi chenyewe, u-si-polipa, kwahiyo mtu akishaandika unless bado roho inamsuta anataka kitenzi nacho kikanushwe. Wakati "unless you pay" peke yake ndo "usipolipa", imeisha hiyo. Na will usiiweke hapo, sema "unless it rains" sio "unless it will rain", mbona hata sisi tunasema isiponyesha na hakuna anayechomeka -ta- humo ndani.

Sasa shuleni tulikaririshwa unless ni sawa na if not, mtihani unakuja "rewrite using unless" unabadilisha fasta unachukua maksi zako. Inasaidia lakini haifiki mbali. Chukua hii, "I'll be happy if she doesn't come." Jaribu kuweka unless uone, "I'll be happy unless she comes", hapo umeshasema furaha unayo tayari labda yeye aje kuiharibu, wakati ya kwanza inasema kutokuja kwake ndo kutakupa furaha. Au "If you hadn't called me, I would have missed the bus", hii ni usingenipigia ningeachwa na basi, simu ilishapigwa na basi ulilipata, unless haikai kabisa hapo.

Mimi naona ukitaka kuipata vizuri achana na if not, chukua ile labda yetu ya mtaani. Siendi, labda anipigie mwenyewe. "I'm not going unless he calls me himself." Yaani jambo lako umeshaliamua, halafu unaacha kamlango kamoja tu ka kubadilisha. Ndo maana inapenda kukaa mwishoni kama kitu umekikumbuka baadae, ntakuja Jumamosi, labda mvua inyeshe.

Na kwenye mikataba ndo uitafute kwa tochi. Ukikuta "rent is due on the 5th unless otherwise agreed in writing" ujue kodi ni tarehe 5, na kamlango kaliko wazi ni ka maandishi tu, yale mliyokubaliana na mwenye nyumba mmesimama getini huwezi kuyategemea. Mwambie akuandikie hata mistari miwili asaini.