Siku moja iliyozidi: nilivyogeuza tarehe kuwa namba

Kilichonishtua ni alama ya kutoa. Nilikuwa nimeandaa ripoti ya kuonyesha kila ombi la huduma limechukua siku ngapi tangu lifunguliwe hadi lifungwe, na mistari kadhaa ikasoma −1. Yaani ombi limefunguliwa leo, na lilishafungwa jana. Programu haikulalamika popote. Ilikokotoa hadi mwisho na kunikabidhi jibu lisilowezekana.

Data ilitoka sehemu tatu. Muda wa kufungua ulikuwa kwenye kanzidata ya SQL Server, katika safu ya aina ya datetime, yaani tarehe pamoja na saa. Muda wa kufunga uliandikwa na programu ya JavaScript, nao ulikuwa tayari ni namba ya tarakimu 13. Maombi ya zamani yalikaa kwenye faili la Excel. Nilitaka vyote viwe namba za aina moja, kwa kuwa kutoa namba kwa namba ni kazi nyepesi kuliko kulinganisha tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu.

Kwanza nilijaribu kuiandika tarehe kama namba moja ndefu ya mwaka, mwezi na siku: 20240501. Kwa kupanga mistari kuanzia ya zamani hadi mpya, namba hiyo inafaa kabisa, na hadi leo naitumia kwa kazi hiyo. Kwa kutoa haifai. Kutoka 30 Aprili hadi 1 Mei 2024 ni siku moja, lakini 20240501 ukiondoa 20240430 unabaki na 71. Nikaiacha.

Nikahamia kwenye kuhesabu siku tangu mwanzo fulani. SQL Server inaruhusu kugeuza datetime moja kwa moja kuwa namba nzima kwa CAST, amri ya kubadili aina ya data, na siku ya 0 ni 1 Januari 1900. Tarehe 1 Mei 2024 inatoka 45411. Upande wa JavaScript nao nikaupeleka kwenye kipimo hichohicho. Milisekunde zake zinahesabiwa tangu 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, basi nikagawanya kwa 86,400,000, nikakata desimali, nikajumlisha 25567, ambazo ndizo siku kati ya mianzo hiyo miwili. Kwa karatasi na kalamu hesabu ilikubali. Kwenye ripoti ikaleta −1.

Nilichagua mistari mitano yenye kasoro nikaisoma jicho kwa jicho na data ya asili. Yote ilikuwa imefunguliwa mchana: saa saba, saa tisa, saa kumi. Hakuna hata mmoja wa asubuhi. Hapo nikaelewa. CAST ya datetime kwenda namba nzima haikati desimali, inapeleka kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Saa saba mchana ya tarehe 1 Mei ni 45411.54, kwa hiyo inapanda na kuwa 45412, ambayo ni tarehe 2. Kila kilichofunguliwa baada ya saa sita mchana kilisogezwa mbele siku moja, na kilichofungwa siku ileile jioni hakikusogezwa, kwa sababu huko nilikata mwenyewe. Kosa lilikuwa langu: nilitumia kanuni mbili tofauti kwenye pande mbili za alama moja ya kutoa.

Ungeweza kutibu kwa kugeuza kwanza kuwa float, yaani namba yenye desimali, kisha kutumia FLOOR, inayoshusha hadi namba nzima ya chini. Mimi nilipendelea DATEDIFF, amri ya kutafuta tofauti kati ya tarehe mbili, kuhesabu siku tangu 1 Januari 1900, kwa sababu anayeisoma anaona mara moja nia ya mwandishi. Faida nyingine ni kwamba inakubali pia aina za date na datetime2, ambazo CAST ya kwenda namba nzima inazikataa. Ila DATEDIFF ina tabia yake: inahesabu mipaka iliyovukwa, haihesabu muda uliopita. Ukiiuliza saa ngapi zimepita kati ya 10:59 na 11:00, inajibu 1. Kwa siku nilizozitaka, tabia hiyo haikuniumiza.

Excel ilinichukua muda zaidi. Tarehe ileile ya 1 Mei 2024 kule ni 45413, siku mbili zaidi ya SQL Server. Siku ya kwanza ya tofauti ni rahisi: Excel inaanza kuhesabu na 1, si 0. Ya pili inatokana na historia. Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900, na inaipa namba 60. Siku hiyo haikuwepo, maana 1900 unagawanyika kwa 100 bila kugawanyika kwa 400, basi haukuwa mwaka mrefu. Kosa hilo lilikuwemo kwenye Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotangulia Excel, na Excel ikalichukua kwa makusudi ili mafaili ya programu zote mbili yapatane. Kwa tarehe za baada ya hapo, unaondoa 25569 ili uhesabu tangu 1970, kisha unazidisha kwa 86400 kupata sekunde. Na hapa usikate desimali! Theluthi ya siku haiandikiki kikamilifu kwenye namba ya desimali ya kompyuta, hivyo unaweza kupata 1714568399.9999998, na ukikata unapoteza sekunde nzima. Peleka kwenye namba iliyo karibu.

Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kuhesabu siku. Nilihamishia kila kitu kwenye milisekunde tangu 1970, ndani ya bigint, aina ya namba nzima ya biti 64. Int ya kawaida ya biti 32 hata sekunde haizibebi milele: mwisho wake ni 2147483647, nayo inafikiwa 19 Januari 2038. Ukikutana na namba usiyoijua, hesabu tarakimu. Kwa tarehe za miaka yetu, 10 ni sekunde, 13 ni milisekunde, 19 ni nanosekunde, kama zile ambazo pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, inaweza kutoa.

Nilipoiendesha ripoti upya, zilibaki hasi tatu. Zote zilikuwa za usiku wa manane. Muda wa kufungua ulikuwa umehifadhiwa kwa saa za seva, zilizo mbele ya UTC, na wa kufunga kwa UTC. Kompyuta yangu nayo ilikuwa kwenye ukanda wa saa tofauti na seva, kwa hiyo msimbo uleule wa Python, ukipewa tarehe isiyotajiwa ukanda, ulitoa namba moja kwangu na nyingine kule, kwa sababu timestamp, amri ya Python ya kugeuza tarehe kuwa sekunde, hudhani tarehe ya namna hiyo ni ya saa za mashine inakoendeshwa. Nikautaja ukanda wa seva waziwazi kwa kila tarehe ya kufungua, nikaigeuza kuwa UTC, ndipo nikaifanya namba. Safu nazibatiza sasa kwa majina marefu, kama imefunguliwa_utc_ms, na mwenzangu aliyeirithi ripoti hajawahi kuniuliza namba zile ni za nini. Hasi zile tatu zikaisha.