Kutua kwenye maji shwari: nilivyoacha kuyaamini macho yangu

Shwari ni neno la heri kwa msafiri wa chombo. Kwa rubani wa ndege ya maboya, ile inayotua majini, si heri hata kidogo. Viwimbi vidogo ndivyo vinavyomwonyesha maji yako umbali gani chini yake. Upepo ukikata na uso wa maji ukawa kioo, maji hayaoni tena. Anaona mbingu iliyopinduliwa.

Hayo nilikwisha kuyasoma, na bado yalinipata. Asubuhi moja ya mafunzo nilikuja kutua katikati ya ziwa, mbali na ukingo. Niliona kabisa kwamba tumefika, nikainua pua. Kumbe tulikuwa bado juu, labda kimo cha ghorofa mbili. Mwendo ukaanguka, honi ya tahadhari ikalia, usukani ukalegea mkononi. Mwalimu alisukuma injini mpaka mwisho na hakusema neno hadi tulipopanda.

"Bahati yako umekosea ukiwa juu," akaniambia. "Mwingine hudhani maji yako mbali, kumbe yako usoni."

Kosa hilo la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Maboya yanajichoma majini, ndege inabinuka, na watu wananing'inia kwenye mikanda, kichwa chini, ndani ya maji.

Tangu siku ile naiweka ndege sambamba na ukingo, karibu nao, ambako matete na miti hunipa kimo. Kabla sijakiacha kitu cha mwisho ninachoweza kukiamini, pua nimeshaiinua kidogo, injini ina nguvu kiasi, na sindano ya mshuko haizidi futi 150 kwa dakika. Altimita, yaani kipima kimo, siitegemei hapo. Kosa lake dogo tu linatosha kuniangamiza. Basi, baada ya hapo sigusi kitu.

Hapo ndipo pagumu. Kutoka futi 100, huo mshuko ni sekunde 40, na mkono unawasha muda wote kutaka kufanya jambo. Mara ya kwanza nikiwa peke yangu niliyakazia macho matete na sindano, maji sikuyatazama. Nilisikia kabla ya kuhisi: mchirizo mwembamba chini ya miguu, kama kitambaa kinachopasuliwa taratibu. Hata hivyo sikukata injini mpaka nilipohisi maji yameyashika maboya, kwa sababu yakigusa tu na kuruka tena, ndege isiyo na nguvu huanguka kama jiwe.

Njia hii inakula maji mengi. Kwa mwendo wa noti 60, yaani maili 60 za baharini kwa saa, sekunde hizo 40 ni zaidi ya kilomita moja. Siku moja nililizunguka bwawa mara mbili nikiwa na abiria wawili, nikaona halitoshi, nikageuza. Walinung'unika njia nzima. Tulitua kwenye ziwa kubwa zaidi, tukakaa hadi alasiri upepo ulipoanza kuyakunja maji, ndipo nikawarudisha kule walikotaka kwenda.