Makadirio ya Leicester mbele ya fundi wa Nyakato

Nilitua Mwanza nikiwa na karatasi mbili kwenye simu ambazo sikutaka kuzifungua. Ni makadirio ya gereji ya kule Leicester, Uingereza, ninakoishi: klachi pauni 732, kutu pauni 1,050. Gari lenyewe, Mazda MX-5 ya mwaka 1996, nililinunua pauni 2,300 baada ya miaka ya kudandia mabasi ya alfajiri kwenda kulea wazee wa watu. Lina viti viwili na paa la turubai. Mama alipoona picha yake aliuliza swali moja tu: "Sasa gunia la mchele unaweka wapi?"

Kaka ndiye aliyenipeleka kwa fundi wake, mtaa wa Nyakato. Tulimkuta chini ya Hiace ya Sengerema. Anasema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hizo Hiace hazipumziki tena kwenye foleni ya kivuko, kwa hiyo zinamfikia zimechoka zaidi. Nikamwamkia "Mwangaluka, mzee", akaicheka lafudhi yangu, akafuta mikono kwa tambara. "Haya binti, nisomee."

Nikamsomea mstari kwa mstari. Seti ya klachi pauni 145. Ufundi saa 6, kila saa pauni 75, jumla 450. Vikorokoro pauni 15. Juu yake VAT asilimia 20.

Bei ya spea haikumshtua. Zilizomkwaza ni zile saa. Nikamweleza kwamba kule saa zinatoka kwenye kitabu: kazi fulani ya gari fulani imeandikiwa saa kadhaa, na fundi akimaliza kwa saa nne bado unalipia sita.

"Na akihangaika siku mbili?"

"Bado sita."

Akafikiri kidogo. "Basi huo si wizi. Ni mapatano ya kazi nzima, kama sisi tu, ila wao wameyaita saa."

Sikuwahi kuliona hivyo. Kwetu mnapatana ufundi, spea unakwenda kununua mwenyewe, halafu unakaa kwenye benchi kuhakikisha kilichotoka kwenye boksi ndicho kinachoingia kwenye gari. Kule hakuna benchi. Unaacha funguo, unaondoka, unapigiwa simu. Nadhani ndiyo maana kila karatasi ya gereji naisoma kama mtu aliyeibiwa tayari.

Gari la aina hiyo hajawahi kulishika, lakini alilijenga kichwani kwa maswali. Injini iko mbele? Inasukuma magurudumu ya nyuma? Giaboksi imelala nyuma ya injini? "Basi hiyo ni Hilux fupi. Kushusha propela na giaboksi, kubadilisha, kurudisha na kufunga vizuri: saa sita ni halali. Na giaboksi ikishashuka, pleti, presha na beringi unabadilisha vyote pamoja, usije ukalipia ufundi mara mbili." Nikaanza kupumua. Akaongeza, "Ila nani kasema klachi imeisha?"

Nikamsimulia. Asubuhi moja ya baridi pedali ilizama hadi chini kama nimekanyaga uji, gia zikakataa kuingia. Nikaipampu mara tatu, nne, ikakubali.

"Ukipanda mlima injini inalia, gari haliendi?"

"Hapana."

"Harufu ya kuungua?"

"Hakuna."

Akaingia kibandani, akatoka na masta ya chini ya klachi ya Noah, kisilinda kinachotosha kiganjani, ambacho mafuta yake ndiyo yanayosukuma klachi ukikanyaga pedali. Akaishika kwenye mwanga, akaukunjua kwa kucha ule mpira wa kuzuia vumbi. Tone la mafuta ya breki, jeusi kama chai ya rangi iliyolala, likamteremkia kidoleni. "Klachi iliyoisha inateleza. Pedali inayozama ni mafuta yamekimbia. Waambie wakunjue hapa kwanza. Bei yako ni nzuri, ila ni ya ugonjwa wa mtu mwingine."

Tukahamia kwenye kutu, na hapo mzee wangu akateleza. "Piga puti, piga rangi, uza." Ningekuwa sijaishi kule ningemfuata. Lakini Mwanza hatumwagi chumvi barabarani. Kule kila msimu wa baridi wanaimwaga kuyeyusha barafu, na inakula bati kutoka chini. Halafu gari hili lina mifereji miwili ya kutoa maji ya paa inayopita nyuma ya viti. Majani yakiiziba, maji yanaishia ndani ya vizingiti vya chini ya milango. Nje unaona malengelenge mawili ya rangi, ndani kumekwisha. Na vile vizingiti ndiyo mifupa ya gari, kwa hiyo kwenye ukaguzi wa kila mwaka, MOT, puti haipiti. Ni kukata na kuchomelea chuma.

Gereji nyingine ilinitajia pauni 480 kuchomelea kiraka juu ya kutu. Wa pauni 1,050 alinitumia picha baada ya kufungua, akasema atakata tabaka la nje na la ndani, pande zote mbili. Huyo ndiye niliyekuwa nikimsema kwa Kaka tangu uwanja wa ndege. Nikampa mzee simu, akaivuta picha kwa vidole viwili.

"Hii si kutu," akasema. "Hiki ni chandarua. Mlipe."

Niliporudi Leicester nilimwomba fundi akunjue ule mpira kabla ya kugusa giaboksi. Alikwenda akiwa na uso wa mtu anayefundishwa kazi na mlea wazee, akarudi kidole kimelowa. Sidhani alitaka kunipunja, pedali mbaya kwake ni klachi na kitabu kina saa zake. Silinda pauni 28, saa moja pauni 75, pamoja na VAT jumla ikawa pauni 123.60. Vizingiti nimevilipia 1,050 bila kuomba hata senti ipungue, na maskini roho yangu ya Kisukuma iliuma.

Nikaomba nirudishiwe silinda ya zamani, nikaipiga picha na kumtumia mzee. Ujumbe wa sauti ukaja usiku, nyuma yake Hiace inaunguruma: "Binti, usije ukaitupa hiyo. Imekufa raba tu. Desemba njoo nayo."

Ipo kwenye sanduku, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, katikati ya vitenge vya Mama, na bado inanuka.