Babu na mlango wa nyuma

Jana nilimpeleka babu Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, Nairobi, pale mkabala na Hoteli ya Norfolk. Akaupapasa mkono wa kiti, kimya. Ukumbi ulifunguliwa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Mjini tayari palikuwa na kundi la maigizo la Donovan Maule na mkewe Mollie, Waingereza, waigizaji wao wakilipwa mshahara. 1958 wakapata jumba lao wenyewe. Michezo ya Kizungu, watazamaji Wazungu (na tiketi si za kina sisi).

“Mimi nilijua mlango wa nyuma tu, mjukuu wangu. Nilikuwa napeleka kreti za soda.”

Taa zikazimwa, mchezo ukaanza, Kiswahili kitupu. Babu akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote.